Unaenda Safari ya Kimisheni ya Matibabu? Anza na Wanaobaki

Watu wanaojiandaa kwa safari fupi ya kimisheni ya matibabu huniuliza maswali yanayofanana: nibebe nini, nichanjwe nini, huko kuna usalama? Ni maswali ya maana na baadhi nitayagusa hapa chini. Lakini lililo kubwa kuliko yote mara nyingi haliulizwi: tukishaondoka, wagonjwa wetu watabaki na nani?

Mimi ni muuguzi. Nimesafiri na timu za makanisa kwenda nchi za watu, na nazipenda safari hizi kwa moyo wote. Nimemwona mzee aliyeletwa kliniki akiwa ameshikwa mkono na mjukuu, akaondolewa mtoto wa jicho, na kesho yake bandeji ilipotolewa akaanza kuwatazama watu usoni mmoja mmoja bila kusema neno. Kwa sababu ya watu kama yeye nataka kazi hii ifanywe vizuri.

Wengi tunamkumbuka Msamaria mwema kwa mafuta na divai aliyomimina kwenye majeraha. Mimi, kadiri ninavyoendelea na huduma hii, ndivyo ninavyozidi kusimama kwenye Luka 10:35. Msamaria alikuwa msafiri, hakuweza kukaa. Akamkabidhi majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa ziada atakaporudi. Yaani mpita njia alihakikisha mgonjwa ana mtu wa kukaa naye. Timu isiyo na mtu wa namna hiyo upande wa pili, mimi siendi nayo, hata kama viongozi wake ni watu wa maombi kweli kweli.

Kwa hiyo kabla hujalipa nauli, wahoji wanaokualika. Ni hospitali gani, zahanati gani au kanisa gani la huko lililowaita? Waliomba nini kwa maneno yao wenyewe? Kama kuna upasuaji, nani atatoa nyuzi, na kidonda kikianza kutoa usaha wiki moja baada ya ninyi kuondoka, mgonjwa ataenda kwa nani na atalipiwa na nani? Kiongozi aliyejiandaa atakujibu kwa majina ya watu. Asiyejiandaa atakwambia Mungu atafungua njia. Mungu hufungua njia, naamini hivyo, lakini kidonda cha upasuaji wa ngiri kinahitaji mtu wa kukisafisha.

Kuna waliolifikiria jambo hili zamani. World Medical Mission, tawi la matibabu la shirika la Kikristo la misaada la Samaritan's Purse, lililoanza 1977, hupeleka madaktari wa kujitolea katika hospitali za misheni ambazo tayari zina wodi, wauguzi na wagonjwa wao. Daktari mgeni anaingia kwenye kazi inayoendelea na itakayoendelea. Mercy Ships, iliyoanzishwa 1978, ina meli za hospitali zinazotia nanga katika bandari moja kwa miezi mingi. Muuguzi aliyejitolea kwa wiki chache anaondoka, mgonjwa wake anabaki kwenye wodi ileile na faili lilelile. Si lazima uende na hao. Ila ukiipima timu yako, ipime kwa kipimo hicho.

Tuje kwenye vibali. Leseni yako ya kwenu haina nguvu ya moja kwa moja nchi nyingine. Nchi nyingi zinataka daktari au muuguzi mgeni apate kibali cha muda kutoka baraza la taaluma la pale, na karatasi hizo huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Usikubali kuambiwa uingie kwa viza ya utalii kisha ukatibu kimyakimya. Na kwa wanafunzi wa udaktari na uuguzi nitasema waziwazi: usichoruhusiwa kufanya kwenye mwili wa mgonjwa kwenu, usikifanye kwenye mwili wa mgonjwa wa huko. Umaskini wa mtu haumfanyi awe mahali pako pa kujifunzia kushona.

Kama wewe si mtu wa afya, usidhani huna nafasi. Timu inahitaji sana wa kupanga foleni, wa kuandikisha, wa kuhesabu dawa, wa kukaa na mama anayesubiri majibu ya kipimo. Nimeona mhasibu akiokoa siku nzima kwa kupanga namba za foleni vizuri.

Afya yako mwenyewe ianze kushughulikiwa mapema kuliko unavyodhani. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida ni dozi 3, na ya mwisho huchomwa miezi 6 baada ya ya kwanza, kwa hiyo aliyekumbuka mwezi mmoja kabla ya safari amechelewa kumaliza ratiba ya kawaida. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa; tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, kwa hiyo kama ulichanjwa zamani, kitafute kabla ya kuchanjwa tena. Dawa za kuzuia malaria watu huziacha siku wanaporudi nyumbani, na hapo ndipo hatari ilipo: doksisaiklini huendelea kumezwa wiki 4 baada ya kutoka eneo la malaria, na mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili siku 7. Ukipata homa hata miezi kadhaa baada ya kurudi, nenda ukapimwe na umwambie daktari ulikuwa wapi.

Jambo moja ambalo viongozi wengi hawalisemi kwenye semina: kabla ya kumgusa mgonjwa wa kwanza, uliza dawa za kinga dhidi ya VVU zipo wapi endapo mtu atajichoma na sindano. Zinatakiwa zianzwe haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72, na humezwa kwa siku 28. Kama hospitali mwenyeji haina akiba ya kutosha, timu ibebe yake, na isizimalize za wafanyakazi wa pale.

Sasa masanduku ya dawa, ambayo watu huyafurahia kuliko yanavyostahili. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa 1996 na kuurekebisha baadaye, na unasema wazi: dawa ziwe zimeombwa na mpokeaji, ziwe zinazoruhusiwa kutumika nchini kwake, lebo ziwe katika lugha ambayo wahudumu wa huko wanaielewa, na zikifika ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, isipokuwa kwa makubaliano maalumu. Mabaki ya dawa za wagonjwa na sampuli za bure hazifai. Dawa zilizokwisha muda zinabaki kuwa mzigo wa hospitali iliyozipokea, maana kuziteketeza kwa usalama ni gharama. Ushauri wangu ni kwamba, panapowezekana, fedha za dawa zipelekwe kwa mfamasia wa hospitali mwenyeji anunue kule anakonunua siku zote. Timu itafika na mikono mitupu, na hakuna ubaya wowote.

Nikueleze kwa nini nimekazia hilo. Katika kliniki moja ya kanisa alikuja mama mtu mzima, amepanga foleni tangu alfajiri. Presha yake ilisoma 190 kwa 110, tukampumzisha, tukapima tena, haikushuka. Daktari wetu alikuwa ameshaanza kuandika dawa tuliyokuja nayo. Muuguzi wa pale, dada mtulivu aliyekuwa akitutafsiria, akamwuliza yule mama swali ambalo hakuna aliyemtuma. Mama akatoa fundo la kitambaa kifuani, akalifungua taratibu juu ya meza. Ndani yake kulikuwa na vidonge vya presha vya timu iliyopita, vya aina nyingine kabisa, tena vilivyobaki vichache. Alikuwa akimeza kimoja kila kichwa kinapomwuma, ili visiishe. Yule dada akafungua orodha ya dawa za hospitali yao, akatuonyesha kwa kidole iliyopo mwaka mzima na ambayo mama angeimudu, akaandika kwenye kadi tarehe ya kurudi na jina lake yeye mwenyewe. Daktari akafuta alichoandika. Vidonge vyetu vya mwezi mmoja vingeishia kwenye kitambaa kilekile.

Presha, kisukari na kifafa havitibiwi kwa ziara. Ukivikuta, kazi yako ni kuvitambua na kumfikisha mgonjwa kwa mtu atakayemwona mwezi ujao na mwaka ujao. Meno yanayouma, minyoo, miwani ya kusomea, jipu, hayo mnaweza kuyamaliza siku hiyohiyo.

Kuhusu wakalimani: mtazame mgonjwa, zungumza na mgonjwa, sentensi fupi. Usimtumie mtoto kutafsiri habari za tumbo la uzazi la mama yake, hata kama ndiye pekee anayejua lugha yako, subiri. Kabla mgonjwa hajaondoka, mwombe akueleze atakavyomeza dawa. Kuna baba alijibu kwa furaha kwamba vidonge vyote vitatu vya siku atavimeza jioni kwa pamoja, kwa kuwa mchana yuko shambani. Tusingeuliza, tusingejua. Na mkalimani ni binadamu: akitafsiri habari mbaya asubuhi nzima, mpe nafasi ya kupumzika na ya kusema alichobeba.

Injili je? Hii ni safari ya kimisheni na sitaki tuifiche. Lakini matibabu yasiwe na masharti. Mgonjwa asilazimike kukaa kwenye mahubiri ndipo apewe namba, na asione kwamba aliyeokoka anatangulia foleni. Katika Luka 17 Yesu aliwatakasa wakoma 10, akarudi mmoja kushukuru. Aliuliza wale tisa wako wapi, na hatusomi kwamba aliwarudishia ukoma. Mimi humaliza kumhudumia mgonjwa kwanza, kisha namwuliza kama angependa tumwombee. Akikataa, namtakia afya njema na sura yangu haibadiliki. Akikubali, tunaomba kwa sauti ya chini, kwa jina lake. Wanaotaka kusikia zaidi wapelekwe kwa mchungaji wa pale, ambaye Jumapili ijayo atakuwepo.

Picha za wagonjwa acha. Hata kama mtu amekubali, amekubali mbele ya aliyemshikia dawa. Wachangiaji wako uwatumie picha ya jengo, ya timu, ya masanduku.

Siku ya mwisho timu huwa zimechoka na zinataka kufanya sherehe. Tenga nusu siku kabla ya hapo kwa makabidhiano. Kila mgonjwa anayehitaji kuonwa tena aandikwe kwenye rejesta ya hospitali, si kwenye daftari lenu mtakaloondoka nalo, na mtu wa pale asomewe orodha hiyo jina kwa jina. Acheni fedha za rufaa kwa wale mliowagundua na magonjwa msiyoweza kuyatibu, maana kumwambia mtu ana uvimbe kisha kupanda ndege ni kumwachia hofu peke yake. Baada ya mwezi, andika uulize hali zao.

Ukipata nafasi ya pili, rudi palepale. Na kabla ya kurudi, uliza upya wanachohitaji, ukiwa tayari kusikia kwamba si wewe. Wenyeji wetu walipoulizwa, hawakuomba madaktari zaidi. Waliomba fundi wa mashine za oksijeni, kwa sababu zilikuwa zimepangwa stoo hazifanyi kazi, na mwalimu wa Helping Babies Breathe, mafunzo yaliyozinduliwa 2010 yanayomwezesha mkunga kumsaidia mtoto mchanga kupumua ndani ya dakika yake ya kwanza. Sina ujuzi wa mashine wala cheti cha kufundisha mafunzo hayo. Safari ile nilibaki nyumbani, nikachangia nauli ya fundi.