Fundi wa sola anayetaka hela yote kabla ya kazi

Dada, nimekuelewa: fundi kaja kwako Kigamboni, kaangalia paa dakika tano, kataja bei na anataka yote mkononi. Usimpe.

Fundi wa kweli huanza na matumizi yako: friji, feni, taa ngapi, kwa saa ngapi. Betri ya asidi ya 12V, 200Ah ina kama 2,400Wh (wati-saa, kipimo cha umeme uliohifadhiwa), na ukitaka idumu tumia nusu tu. Akikwambia hiyo moja itasukuma friji na pasi usiku kucha, huyo anakuuzia maneno.

Omba leseni yake ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, uihakiki. Kisha akupeleke nyumba aliyofunga mwaka jana, si juzi. Wangu mimi alitoboa bati bila kuweka mpira kwenye skrubu. Masika ya kwanza tu, ndoo sebuleni, na simu yake haipatikani mpaka leo.

Lipa kwa mafungu, la mwisho mfumo ukishafanya kazi wiki mbili. Waranti iandikwe pamoja na namba za paneli.

Kama una umeme wa TANESCO pia, asiye na leseni asiguse meinswichi. Umeme wa inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa matumizi ya nyumbani) ukirudi kwenye laini unaweza kumuua fundi aliye nguzoni.