Hasira kwenye kikao cha ushirika

SWALI: Mimi ni mjumbe wa bodi ya chama cha msingi huku Tandahimba. Karani wa mizani analalamikiwa: mama mmoja alipima gunia la korosho nyumbani likawa kilo 80, wiki iliyofuata ghalani likasoma 76. Kikaoni watu walifoka. Mwenyekiti akatutuliza: "Hasira hasara, tuamue kwa akili tupu." Inawezekana kweli?
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Kwa akili tupu mngetoka kikaoni mkijua kilo nne zimepungua, basi. Mwanafalsafa David Hume wa Uskoti alilieleza hilo katika kitabu chake cha 1739 na 1740: akili huonyesha kilichotokea, lakini kukiona ni kiovu ni kazi ya hisia. Alithubutu hata kuiita akili mtumwa wa hisia. Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alipinga vikali, na ubishi huo haujaisha.

Wanaomsoma Hume haraka hudhani basi kila hasira ni halali. Hapana. Hasira hubeba dai, na hiyo yenu inadai kwamba karani kaiba. Dai likiwa la uongo, hasira haina pa kusimama. Lichunguzeni dai kwanza. Korosho zenye unyevu wa asilimia 14 zikikauka hadi 10, gunia la kilo 80 hubaki kilo 76.4 bila mtu kugusa punje. Kisha pimeni gunia moja siku hiyohiyo kwenye mizani mbili, mkitoa uzito wa gunia tupu. Msiishie hapo, maana karani anayetazamwa hupima vizuri. Fungueni na leja. Mizani mbovu humkosea kila mtu, ila mpunjaji huchagua: wajane, wazee, wasiojua kusoma.

Dai likisimama, hasira ni haki yenu, imebaki kuipima. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaka imwangukie anayestahili, kwa kiasi, wakati na namna inayofaa. Kosa la kawaida ni kuimwagia familia yake. Kosa la pili ni ukaribu. Jahazi likiwa mbali nje ya Mikindani huonekana dogo, na hakuna anayedhani limesinyaa. Hume alisema hisia nazo zirekebishwe vivyo hivyo. Aliyepunjwa akiwa shangazi yako unawaka, akiwa mgeni wa Newala unapoa, na kilo ni zilezile. Rafiki yake Adam Smith, mwanafalsafa naye, mwaka 1759 alipendekeza tujitazame kwa macho ya mtazamaji asiye na upande. Kwenu ni rahisi: someni malalamiko majina yakiwa yamefunikwa.

Huruma nayo ina mahali pake. Watoto wa karani wafikiriwe mkijadili adhabu, si mkijadili kama alipunja.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, aliona dawa kubwa ya hasira ni kuchelewa. Andikeni tuhuma, karani ajibu, mkutane tena baada ya siku tatu. Mjumbe ambaye hasira yake imekwisha kabisa huku ushahidi uko palepale, naye aulizwe kulikoni.