Ukitaka pete ya sumaku ikutii, usiifanye duara kamili

Wiki tatu za utafiti wangu ziliteketea kwa sababu pete yangu ilikuwa nzuri mno. Nazungumzia pete ya permaloi, yaani aloi ya nikeli na chuma, yenye kipenyo cha nanomita 200, ambayo haijawahi kuwepo popote ila ndani ya laptopu yangu, chumbani kwangu Sakina. Namwandikia mwanafunzi aliyepewa mada kama hii, hana maabara ya kutengeneza kitu kidogo kiasi hicho, na tegemeo lake ni simulesheni.

Pita pale Mnara wa Saa mjini Arusha uangalie kipilefti: magari yote yanazunguka upande mmoja. Sumaku ndani ya pete inaweza kukaa hivyo hivyo. Mishale yake, yaani mielekeo ya usumaku kila mahali ndani ya pete, inafuatana kuzunguka, haina kichwa wala mkia, kwa hiyo karibu hakuna uga wa sumaku unaovuja nje. Ndiyo sababu watu wanaiwazia kumbukumbu za kompyuta: mzunguko wa kulia uwe 0, wa kushoto uwe 1, na pete zikipangwa karibu karibu hazisumbuani.

Hali ya pili inaitwa kitunguu, na jina limekaa. Chukua kitunguu cha Mang'ola ukipasue toka shingoni hadi kwenye mizizi: matabaka yanaanza pamoja, yanaachana kushoto na kulia, yanakutana tena upande wa pili. Ukiikandamiza pete kwa uga mkali kisha ukauondoa, mishale hubaki hivyo, na zinatokea kuta mbili, yaani mipaka ambapo mwelekeo wa mishale unabadilika. Kwenye ukuta mmoja mishale inagongana vichwa, kwenye mwingine inapeana migongo. Mzunguko haupatikani mpaka kuta hizo zikutane na kufutana.

Zikutane upande gani? Nilikuwa nikimweleza binamu yangu, dereva wa daladala, akanikata: "Dogo, huku barabarani sheria imeshasema. Huko kwenye pete trafiki ni nani?" Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Kwenye duara kamili trafiki hayupo.

Na kompyuta ndiyo inayolionyesha hilo vibaya zaidi. Nilielekeza uga sawasawa na mhimili unaokata pete katikati, nikaugeuza hatua kwa hatua, na pete ikaganda. Njia mbili zilimshinda fisi. Nilidhani ni programu mbovu, nikaifuta na kuiweka upya mara mbili (usicheke). Dawa ilikuwa kuinamisha uga digrii 1 tu kutoka kwenye mhimili. Kitu halisi hakihitaji msaada huo, maana kingo zake hazijanyooka kamwe.

Baada ya hapo nikapata mzunguko wa kulia kila nilipojaribu, nikashangilia. Nilikuwa nimeigawa pete katika vijisanduku vya nanomita 10. Nilipovipunguza hadi 2.5, mzunguko ukahamia kushoto. Kumbe aliyekuwa akiamua ni ngazi za vijisanduku kwenye ukingo wa duara! Kwa permaloi, umbali mfupi kabisa ambao mishale inaweza kubadili mwelekeo ndani yake ni kama nanomita 5, kwa hiyo kijisanduku kiwe chini ya hapo, na matokeo yoyote yarudie kwa ukubwa mwingine kabla hujampelekea msimamizi. Mimi nilikuwa nimeshampelekea.

Kinachofanya kazi ni kuitia pete kilema cha makusudi. Sogeza tundu lisiwe katikati, upande mmoja uwe mwembamba na mwingine mpana. Uga uuelekeze ukikingama na mstari unaounganisha pande hizo mbili. Ukuta hugharimu nishati kidogo zaidi pale pete ilipo nyembamba, kwa hiyo kuta zote mbili huteleza kuelekea huko na kufutana, na mwelekeo wa upande mpana ndio unaotawala pete nzima. Geuza uga wa mwanzo, na mzunguko nao unageuka. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha mwaka 2006 kwa pete halisi za namna hii kwamba kwa kuchagua mwelekeo wa uga, sehemu ya pete zinazopitia hali ya mzunguko huweza kupandishwa kutoka kama asilimia 40 hadi karibu zote.

Kuhusu programu: mumax3 ina kasi, lakini inadai kadi ya michoro ya NVIDIA. Mimi natumia OOMMF ya NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, ambayo laptopu ya kawaida inaibeba. Ukichora mzingo wa hali tulivu, yaani mchoro wa jinsi usumaku unavyofuata uga unaobadilishwa polepole, weka kigezo cha ufifishaji 0.5 ili mishale itulie mapema. Ukitaka kupima kasi ya kugeuka, rudi kwenye thamani ya permaloi, kama 0.01, la sivyo namba zako ni za uongo.

Umeme ukikatika usianze upya. OOMMF huhifadhi hali ya kazi kila baada ya dakika 15 usipoibadilisha. Ukiiwasha tena iambie iendelee ilipoishia. Mimi nimeishusha hadi dakika 5, na betri ya laptopu yangu inadumu kama 20.