Maswali ya Wasomaji: Ron Barassi, Nahodha Aliyegeuka Kocha

SWALI: Ndugu Mhariri, niliona picha ya sanamu ya mchezaji aitwaye Ron Barassi, iliyosimamishwa nje ya uwanja mkubwa wa kriketi wa Melbourne, na maelezo yake yakasema kwamba alitwaa ubingwa wa kandanda ya Kiaustralia mara 10. Mchezaji mmoja anawezaje kupata ubingwa mara zote hizo? Na ilikuwaje akawa kocha?

JIBU: Ndugu msomaji, kandanda ya Kiaustralia si soka: ni mchezo wa timu mbili zenye wachezaji 18 kila moja uwanjani, nao huruhusiwa kuushika mpira kwa mikono na kuupiga kwa mguu. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inajumlisha kazi mbili. Mara sita alikuwa mchezaji wa klabu ya Melbourne, katika miaka ya 1955, 1956, 1957, 1959, 1960 na 1964, na katika mbili za mwisho ndiye aliyekuwa nahodha. Mara nne zilizobaki alikuwa kocha: Carlton mwaka 1968 na 1970, kisha North Melbourne mwaka 1975 na 1977. Wakati huo mashindano hayo yaliitwa Ligi ya Kandanda ya Victoria. Jina la Ligi ya Kandanda ya Australia lilikuja mwaka 1990.

Ukocha wake, kwa maoni yangu, ulianzia nyumbani kabla haujafika uwanjani. Baba yake, ambaye naye aliitwa Ron Barassi, alikuwa katika kikosi cha Melbourne kilichotwaa ubingwa wa mwaka 1940, na mwaka uliofuata aliuawa vitani huko Tobruk, nchini Libya, mwanawe akiwa na umri wa miaka mitano. Mama alipohamia Tasmania, kijana aliyekuwa akiinukia katika mchezo alibaki Melbourne na kupokewa na familia ya Norm Smith, aliyekuwa amecheza pamoja na baba yake na ambaye sasa ndiye aliyekuwa kocha wa klabu. Wenzake walimsikiliza Smith mazoezini na katika chumba cha kubadilishia nguo, wakaenda zao. Barassi alirudi naye nyumba moja.

Mwishoni mwa mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 28 na kombe la sita mkononi, aliihama Melbourne na kwenda Carlton kuwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja. Mashabiki walishtuka, kwani hakuna aliyetarajia kwamba nahodha wa klabu hiyo angevaa jezi ya wapinzani. Mtindo wa mtu mmoja kuzifanya kazi zote mbili ulikuwa wa kawaida enzi hizo, ingawa ulichosha: ni vigumu kuuona mchezo mzima wakati wewe mwenyewe unaugombania mpira katikati ya wachezaji 36. Wa mwisho kutwaa ubingwa kwa njia hiyo ni Alex Jesaulenko, mwanafunzi wa Barassi mwenyewe, akiwa na Carlton mwaka 1979. Siku hizi kocha hukaa juu jukwaani na wasaidizi wake, akiwasiliana na benchi kwa simu.

Fainali ya mwaka 1968 inahitaji maelezo kidogo kuhusu kuhesabu alama. Kila upande wa uwanja una milingoti minne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya miwili mirefu ni goli, nao una alama sita, lakini ukipita kati ya mlingoti mrefu na mfupi huleta alama moja tu. Carlton ilifunga magoli 7 na alama moja moja 14, jumla 56. Essendon ikafunga magoli 8 na alama moja moja 5, jumla 53. Kwa hiyo waliofunga magoli machache ndio waliobeba kombe, tena wakiwa wamelikosa tangu mwaka 1947.

Hata hivyo, mechi inayomtambulisha Barassi kama kocha ni fainali ya mwaka 1970 dhidi ya Collingwood, iliyotazamwa na watu 121,696. Hadi mapumziko Carlton ilikuwa nyuma kwa alama 44, na kocha mwingine pengine angewaomba vijana wake walau wapunguze aibu. Barassi aliwaagiza watumie zaidi pasi ya ngumi, yaani kuushika mpira kwa kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili, badala ya kuupiga mbele kwa mguu na kubahatisha. Pia alimwingiza Ted Hopkins kutoka benchi, naye akafunga magoli manne. Carlton ilishinda kwa 111 dhidi ya 101.

Huko North Melbourne, klabu iliyoingia ligi mwaka 1925, aliipatia ubingwa wa kwanza katika historia yake. Ule wa mwaka 1977 ulihitaji fainali mbili, kwa kuwa ya kwanza dhidi ya Collingwood ilikwisha kwa sare ya 76 kwa 76 na ikarudiwa wiki iliyofuata. Lakini usidhani kila alichogusa kiligeuka dhahabu: aliporudi kuifundisha Melbourne mwaka 1981, timu ilicheza mechi 22 na kushinda moja tu.

SWALI: Je, ni lazima kocha awe amewahi kung'ara katika ligi hiyo?

JIBU: La. Chris Fagan, aliyeiongoza Brisbane kutwaa ubingwa wa mwaka 2024 na wa 2025, hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Kinyume chake, Michael Voss alikuwa nahodha wa Brisbane hiyo hiyo ilipotwaa ubingwa mara tatu mfululizo, kuanzia 2001 hadi 2003, na muda si mrefu baada ya kutundika daluga alikabidhiwa timu hiyo kuanzia msimu wa 2009 bila kupitia kwanza miaka ya usaidizi. Mwaka 2013 kibarua kikaota nyasi. Alichofanya baadaye ndicho ninachokiheshimu zaidi: alikubali kuwa kocha msaidizi wa Port Adelaide, akakaa huko misimu saba, ndipo Carlton ikampa ukocha mkuu kuanzia msimu wa 2022.