Asubuhi haiwaki, mchana mguso mmoja: usiikimbilie kabureta

Ndugu yangu wa Mkokotoni, shida yako nimeisoma mara mbili. Hilux ya zamani, injini ya 12R, asubuhi unapiga stata mpaka betri inalegea, lakini ikishapata moto kutwa inawaka kwa mguso mmoja. Na fundi kashakwambia uagize kabureta, kile chombo cha kuchanganya petroli na hewa, Gerezani. Kabla hujatuma pesa Dar, nisikilize mimi niliyekwisha kuzituma.

Yangu ni Hilux RN20, injini hiyohiyo, niko nayo Wete, Pemba, nabebea ndizi, na msimu ukifika nabeba karafuu. Ilinianza kipupwe kimoja vilevile kama yako. Fundi wa kwanza alifungua kabureta akapuliza jeti. Wa pili akasema boya limechoka. Wa tatu akasema kabureta yote imekwisha, nikaagiza nyengine, ikaja kwa boti, tukaifunga siku nzima. Kesho yake alfajiri, vilevile! Basi nikawa nailaza juu mtaani, asubuhi vijana wananisukuma kidogo, gari inashika mteremko wa bandarini, natia gia ya pili, naachia klachi, mtikiso mmoja tu imewaka. Miezi miwili nilikwenda hivyo, na jibu nilikuwa nalo mkononi kila siku bila kulijua.

Gari ikiwaka kwa mtikiso wa kwanza, maana yake mafuta yamo kwenye bakuli la kabureta na plagi zinapiga cheche. Tofauti ya mteremkoni na nyumbani ni moja: mteremkoni stata haikuguswa. Kwa hiyo ubovu wangu ulikuwa unatokea pale tu stata inapozunguka.

Sasa angalia ubavuni pa koili yako, ile inayoukuza umeme wa betri uwe cheche za plagi. Ukiona kidude cheupe cha kauri chenye waya huku na huku, hiyo ni rezista. Kazi yake ni kuupunguza umeme wa koili injini ikiwa inatembea, ili koili na pointi, vile vibati vya kukata umeme ndani ya distributa (kigawa cheche), zisiungue. Lakini ukipiga stata, stata yenyewe inaunyonya umeme mwingi, betri ya volti 12 inashuka hata kwenye 9 au 10. Umeme huo ukipita tena kwenye rezista, koili inabaki na njaa, cheche inakuwa nyekundu, nyonge. Waliotengeneza gari walilijua hilo, wakaweka waya mwengine unaotoka kwenye stata moja kwa moja mpaka koili, unaoiruka rezista wakati wa kupiga stata tu. Ukiachia ufunguo, waya huo hauna kazi tena.

Wangu ulikuwa umeliwa. Mahali unapoingia kwenye stata palikuwa na unga wa kijani, nilipougusa ukakatika. Hewa yetu ya chumvi, unaijua. Mchana ilikuwa inawaka kwa sababu injini yenye moto huzunguka kwa wepesi, betri haishuki sana, na petroli hugeuka mvuke haraka, kwa hiyo hata cheche nyonge inatosha. Nilikata waya, nikatia kichwa kipya, nikapaka grisi. Kazi ya nusu saa.

Dalili yake, na hii ndiyo ninayotaka uisikilize kesho: gari inazunguka, inazunguka, haitaki, halafu pale unapoachia ufunguo kwa kukata tamaa, injini inajikohoza au inawaka kabisa. Hapo stata imeacha kunyonya, koili imepata nguvu kidogo, na gurudumu la injini bado linazunguka. Ikiwa ni kinyume chake, yaani inawaka umeshikilia ufunguo na ukiuachia inazima palepale, basi rezista yenyewe ndiyo imekatika. Ukiwa na mita, chomoa waya mnene wa katikati ya koili upande wa kofia ya distributa, uukaze kwenye chuma, mwambie mtu apige stata, nawe pima umeme upande wa chanya wa koili. Inatakiwa ukaribie ule wa betri. Wangu ulikuwa volti 5 na kitu.

Kama koili yako haina rezista ya nje, hadithi yangu yote hiyo haikuhusu, pita.

Wewe hukusema kama ukiisukuma inawaka. Kama inataka kusukumwa mwendo mrefu ndipo ishike, hapo nahamia kwenye mafuta. Na kwa mafuta hizi Toyota zimeturahisishia, kabureta yake ina kidirisha cha kioo ubavuni mwa bakuli. Asubuhi, kabla hujagusa swichi, fungua boneti na tochi, tazama. Mafuta yanatakiwa yawe katikati ya kioo. Ukikuta pakavu, usiku ya bakuli yamevuja au yamegeuka mvuke, na ya kwenye mipira huenda yamerudi kwenye tangi, na pampu ya mafuta ya injini hii inaendeshwa na injini yenyewe, kwa hiyo inabidi upige stata muda mrefu mpaka bakuli lijae. Huo ndio muda unaoimaliza betri. Hapo angalia vali za ndani ya pampu, na mipira yote mpaka tangini: mpira uliopasuka kidogo hauvuji nje, unavuta hewa tu, na fundi haoni kitu.

Bakuli likiwa na mafuta, toa chujio la hewa, injini imezimwa, chungulia kabureta huku unasukuma mkono wa mafuta. Unatakiwa uone petroli ikiruka kama mkojo wa mtoto. Hairuki? Pampu ndogo ya ndani ya kabureta imekufa, na unaweza kubadilisha kipande hicho peke yake. Tazama na kile kibati cha choki, ukivuta waya kinafunga kweli au kimesimama nusu? Kwetu hiki hukwama kwa kutu zaidi kuliko kuharibika, tone la mafuta ya taa linatosha.

Ushauri wa watu wa nchi za barafu, wa kuipasha injini moto usiku na kubadilisha oili iwe nyepesi, uache. Sisi usiku wa kipupwe ni nyuzi 20 na ushei. Baridi ya namna hiyo haiizuii petroli kuwaka. Kinachotusumbua ni umande na chumvi. Usiku wa giza, gari inanguruma, fungua boneti taa zote zimezimwa, utazame nyaya za plagi na kofia ya distributa. Ukiona vicheche vya buluu vinatambaa juu ya waya, umeshapata mwizi wako. Na ukishafika hapo kwenye distributa, pima mwanya wa pointi: milimita 0.45. Waya wa ethi kutoka betri mpaka injini nao usiusahau. Piga stata kidogo kisha uushike, ukiwa wa moto kuna kutu ndani yake.

Jambo moja usilifanye, wallahi. Usimimine petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mtu anapiga stata. Mimi nilifanya kwa kifuniko cha chupa tu, injini ikapiga chafya, moto ukaruka usoni. Nyusi zilichukua wiki kadhaa kurudi, na mke wangu alicheka kabla ya kulia. Na ukiwa umekanyaga mafuta mpaka plagi zikalowa, kanyaga mpaka chini, shikilia hapohapo bila kupampu, halafu piga stata sekunde kumi, uipumzishe.

Basi kesho asubuhi anza na kioo cha bakuli, halafu niambie mambo mawili: kiwango umekikuta wapi, na inashika umeshikilia ufunguo au unapouachia. Kabureta yangu ile ya zamani bado ipo ndani ya boksi chini ya kitanda, nzima, haikuwa na kosa lolote. Ikithibitika kweli yako ndiyo mbovu, nitakuwekea kwenye boti.