Maswali ya Wasomaji: Filamu za Vijana za John Hughes Zimedumu au Zimechuja?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari nilitazama filamu za vijana za John Hughes kwenye kanda za video, na baadhi ya mazungumzo yake ninayakumbuka hadi leo. Sasa nina binti wa miaka 14 na ningependa tuzitazame pamoja, lakini ninasoma huku na huku kwamba zimepitwa na wakati, na wapo wanaosema ni aibu kumwonyesha mtoto. Je, bado zina thamani, au ninazipenda kwa sababu tu nilikuwa mdogo nilipozitazama?

JIBU: Ndugu msomaji, salamu zako zimefika. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu majibu mafupi yanayotolewa mara nyingi, ama ya kuzisifu filamu hizi zote ama ya kuzitupa zote, hayamsaidii mzazi aliyekaa na mwanawe mbele ya skrini.

Hughes, mwandishi na mwongozaji wa filamu wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1950 na kufariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 59, aliandika filamu sita za vijana zilizotoka kati ya mwaka 1984 na 1987. Nne aliziongoza mwenyewe: Sixteen Candles, The Breakfast Club, Weird Science na Ferris Bueller's Day Off. Mbili, Pretty in Pink na Some Kind of Wonderful, aliziandika na kumwachia Howard Deutch aziongoze. Kadhaa kati ya hadithi hizo zimewekwa Shermer, mji wa kubuni katika jimbo la Illinois unaofanana sana na vitongoji vya kaskazini mwa Chicago ambako yeye mwenyewe alisoma sekondari. Ukizipima zote kwa mizani moja utakosea, kwa kuwa hazikuzeeka kwa kasi moja. Na hata ndani ya filamu moja utakuta onyesho lililobaki bichi kabisa likifuatiwa na jingine linalokufanya uitafute rimoti.

Nianze na The Breakfast Club, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi yake bora. Wanafunzi watano wanaadhibiwa kwa kushinda shuleni Jumamosi nzima, ndani ya maktaba, na mwalimu anawaagiza waandike insha ya kueleza wanajiona kuwa ni nani. Hakuna kingine kinachotokea, na filamu nzima inategemea maneno yao. Ilipigwa mwaka 1984 katika shule iliyokuwa imefungwa huko Des Plaines, na maktaba yenyewe ilijengwa ndani ya ukumbi wa michezo wa shule hiyo. Hughes aliwapa waigizaji wake nafasi kubwa ya kutunga papo hapo, hasa pale wanapokaa sakafuni na kila mmoja kueleza kilichomfikisha pale. Ndiyo maana mazungumzo hayo yana kusitasita, kukatizana na kurudi nyuma kunakojulikana na kila aliyewahi kukaa na vijana wa umri huo.

Katika onyesho hilohilo, Brian, mvulana anayesifika kwa akili, anawauliza wenzake itakuwaje Jumatatu watakapokutana kwenye korido: je, watasalimiana? Claire, msichana wa kundi la wanaopendwa, anamjibu kwa ukweli kwamba hadhani hivyo. Wenzake wanamkasirikia, lakini hakuna anayeweza kumthibitishia kwamba amekosea. Mwandishi mwepesi angewafanya wakumbatiane na kuapa urafiki wa milele. Hughes aliliacha swali likining'inia mpaka filamu inakwisha, na mpaka leo hatujui walifanya nini Jumatatu hiyo. Muda mfupi baadaye Brian anakiri kwamba alama mbaya za somo moja zilimfikisha mahali pa kutaka kujiua, na kamera haimkimbii wala muziki haupandi ili kutulainishia jambo. Onyesho hilo lingeweza kuandikwa juzi, kwani kijana anayebeba matarajio ya wazazi hadi yakamlemea hajatoweka popote duniani.

Hata hivyo, hiyohiyo The Breakfast Club ina Bender, mmoja wa wale watano, ambaye kutwa nzima anamtukana Claire, anamhoji mambo ya faragha mbele ya watu, na mara moja anajificha chini ya meza na kumchungulia. Malipo yake ni kwamba jioni inapofika Claire anampa hereni yake ya almasi. Filamu inataka tuamini kwamba ukatili ule ulikuwa kidonda cha mtoto anayepigwa na baba yake, na kweli kidonda hicho kimechorwa vizuri, lakini msichana aliyedhalilishwa haombwi radhi hata kwa neno moja. Kuna pia Allison, msichana mkimya na wa ajabu kuliko wote, ambaye anapakwa vipodozi na kubanwa nywele ndipo mvulana amwone. Nimeitazama filamu hii mara nyingi, na kila mara nimetamani wangemwacha alivyokuwa, kwa kuwa hadi dakika ile yeye ndiye aliyekuwa na mambo mengi zaidi ya kusema. Na wakati wenzake wanne wanapata wapenzi, Brian anaachiwa insha aiandike kwa niaba ya wote. Hilo sijawahi kuliona likilalamikiwa vya kutosha.

Sixteen Candles, iliyotoka mwaka 1984 kabla ya nyingine zote, ndiyo iliyochuja zaidi, na ndiyo ninayokuomba usimwekee binti yako bila kuitazama upya wewe mwenyewe kwanza. Chanzo cha hadithi ni kizuri sana: msichana anatimiza miaka 16 na familia nzima inasahau, kwa kuwa dada yake anaolewa kesho yake. Usiku baba anakumbuka, anakuja kukaa naye na kumwomba radhi, na mazungumzo yao ni ya upole ambao filamu za vijana huwanyima wazazi. Lakini ndani ya filamu hiyohiyo kuna mwanafunzi mgeni kutoka Asia aitwaye Long Duk Dong, ambaye kila anapotokea hupigwa kengele kubwa ya shaba ili watu wacheke, na ambaye hana kazi nyingine ila kula, kulewa na kuzungumza Kiingereza kilichovunjika. Aliyeigiza, Gedde Watanabe, ni Mmarekani mzaliwa wa jimbo la Utah, hivyo hata lafudhi ile ilibidi aibuni. Kibaya zaidi ni Caroline. Anapolewa hadi kupoteza fahamu, mpenzi wake, ambaye ndiye mvulana tunayetakiwa kumpenda, anamkabidhi kwa mvulana mwingine ampeleke popote, na asubuhi wawili hao wanaamka garini bila kukumbuka lililotokea. Filamu inalichukulia hilo kama kichekesho, na hata inamfanya Caroline aseme kwamba anadhani alilifurahia. Hapo hakuna cha kutetea: msichana asiye na fahamu hawezi kukubali jambo lolote.

Weird Science haitatuchukua muda. Ni hadithi ya wavulana wawili wanaounda mwanamke kwa kompyuta, na utani wake ulikwisha zamani.

Ferris Bueller's Day Off inasimama vizuri, ingawa si kwa sababu ya Ferris mwenyewe. Ferris ni kijana wa familia yenye uwezo ambaye kila kitu kinamwendea sawa, na mtazamaji wa leo huenda akachoshwa na bahati yake. Anayeibeba filamu ni rafiki yake Cameron, mgonjwa wa hofu, mtoto wa baba anayelipenda gari lake la Ferrari kuliko mwanawe. Katika jumba la sanaa la Chicago, Cameron anasimama mbele ya mchoro mkubwa wa Georges Seurat, uliotengenezwa kwa vitone vya rangi, na kamera inasogea kwenye uso wa mtoto mdogo aliyechorwa humo mpaka uso unapotea na kubaki vitone tu. Hakuna anayesema lolote, na tunaelewa kila kitu kuhusu kijana huyo. Alan Ruck, aliyemwigiza, alikuwa na miaka 29, lakini hofu aliyoionyesha ni ya mtoto.

Nikizipanga nguvu na aibu hizi pamoja, naona chanzo chake. Kabla ya kuongoza filamu Hughes aliandika matangazo ya biashara huko Chicago, kisha akaandikia jarida la vichekesho la National Lampoon, ambalo halikuwa na mtu wa kumwonea haya. Alipowasikiliza vijana wake, aliandika kama mtu aliyekuwa bado darasani nao. Alipohitaji kicheko cha haraka, alirudi kwenye mazoea ya jarida na kumcheka yeyote ambaye hakumpa nafasi ya kusema. Caroline, Long Duk Dong, na wavulana wanaoitwa majina ya kuwatusi mashoga, wote hawakupewa nafasi hiyo. Weusi karibu hawamo kabisa, jambo la kushangaza kwa filamu zinazochezwa jirani na jiji kama Chicago.

Kwa hiyo mtazame na binti yako The Breakfast Club, ukijua kwamba nchini Marekani iliwekwa katika daraja la filamu ambazo aliye chini ya miaka 17 huzitazama akiwa na mtu mzima, na ujiandae kumsikia akikuuliza kwa nini Claire alitoa hereni ile. Usimjibu haraka. Muulize yeye anaonaje.

SWALI: Mhariri, sikubaliani na mtindo huu wa kuzihukumu filamu za mwaka 1984 kwa maadili ya leo. Kila zama na kitabu chake. Watu wa wakati ule hawakuona ubaya wowote, sasa kwa nini tuwabebeshe lawama? Tukiendelea hivi hakuna kazi ya zamani itakayobaki.

JIBU: Ndugu yangu, hofu yako kwamba kazi za zamani zitafutwa ninaielewa, na mimi sipendekezi hata moja ifutwe. Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo kila mwaka huchagua filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo, iliichukua Ferris Bueller's Day Off mwaka 2014 na The Breakfast Club mwaka 2016, na nadhani ilifanya vema. Ninachokipinga ni kauli yako kwamba watu wa wakati ule hawakuona ubaya, kwa kuwa ushahidi tulio nao unaonyesha vingine.

Molly Ringwald, aliyeigiza kama Samantha, yule msichana anayesahauliwa, katika Sixteen Candles na kama Claire katika The Breakfast Club, aliandika mwaka 2018 katika jarida la The New Yorker kuhusu kuzirudia filamu hizo akiwa mtu mzima na mama. Anaeleza kwamba muswada mmoja wa The Breakfast Club uliongezewa onyesho ambamo mwalimu wa kike anaogelea uchi na mwalimu anayesimamia adhabu ile anamchungulia. Ringwald, aliyekuwa msichana wa miaka 16, alimshawishi Hughes aliondoe, na Hughes akaliondoa. Anaeleza pia kwamba kwa lile onyesho la kuchunguliwa chini ya meza ilibidi atafutwe mwanamke mzima wa kupigwa picha mahali pake, na kwamba hata hivyo yeye aliona haya, na mama yake alikasirika na akalisema hilo waziwazi. Onyesho lilibaki.

Tazama basi: mtoto aliona, mzazi aliona, na waliotafuta mwanamke mzima wa kusimama mahali pake bila shaka walijua kwa nini wanamtafuta. Mwaka 1984 macho yalikuwepo. Kilichokosekana ni watu wenye mamlaka wa kuyafuata yale yaliyoonwa. Tunapolitaja jambo hilo leo hatuwabebeshi maadili ya kigeni watu wa zamani. Tunawaunga mkono baadhi yao dhidi ya wengine, na mimi nachagua kusimama na yule msichana.

Nikuongezee jambo moja lililonigusa katika makala yake: Ringwald hazikatai filamu zile. Anamshukuru Hughes kwa kumfanya msichana wa kawaida kuwa kiini cha hadithi wakati ambapo filamu nyingi za vijana zilimweka msichana pembeni, kama kitu cha kuwindwa na wavulana. Mtu anaweza kuipenda kazi na kuilaumu kwa pumzi moja, na nadhani lawama ya anayeipenda ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa anajua kilichoharibika kilikuwa karibu na uzuri gani.

SWALI: Je, ni kweli kwamba mwisho wa Pretty in Pink ulibadilishwa? Nami nimekuwa nikimtetea Duckie miaka yote.

JIBU: Ni kweli. Kwanza Andie, msichana maskini anayejishonea nguo zake, alimalizia na Duckie, rafiki yake wa siku nyingi. Watazamaji walioonyeshwa filamu kwa majaribio hawakuridhika, hivyo mwisho ukapigwa upya na Andie akaenda kwa Blane, mvulana tajiri aliyekuwa amemwaibisha. Mwaka uliofuata Hughes aliandika Some Kind of Wonderful, ambayo ni karibu hadithi ileile jinsia zikiwa zimegeuzwa, na safari hii mvulana anamchagua rafiki aliyekuwa naye tangu mwanzo.

Mimi naona mwisho wote wawili una kasoro, kwa kuwa Duckie naye humfuatafuata Andie kama mtu anayedai deni, na filamu haimuulizi kwa nini. Lililobaki imara katika Pretty in Pink ni nyumba ya Andie, ambamo baba aliyeachwa na mkewe hana nguvu ya kutafuta kazi ya maana, na binti ndiye anayemwamsha asubuhi. Harry Dean Stanton alimwigiza baba huyo bila kuomba huruma ya mtazamaji. Ukiirudia filamu, jaribu kutazama maonyesho ya wawili hao pekee. Ule mwisho wa kwenye dansi ya shule, kwa vyovyote ulivyopigwa, utauona mdogo sana.