Kwa nini kura ya Bunge haikuzuia silaha za Saudia

Mkuu, umeuliza iweje Saudia iuziwe silaha 2019 ilhali Bunge la Marekani lilishapiga kura kuzuia. Kura zilipita kweli, tena mabaraza yote mawili, kwa hasira ya vita vya Yemen na mauaji ya Khashoggi, mwandishi wa habari wa Saudia. Ila maazimio hayo lazima yapite kwa rais, na Trump alitumia kura ya turufu. Kumshinda kunahitaji theluthi mbili ya kura katika kila baraza. Seneti haikufika hata nusu ya wajumbe wake.

1986, enzi za Rais Reagan, kwenye kura kama hiyo ya kupindua turufu yake juu ya silaha za Saudia, maseneta walikosa kura moja tu: 66 dhidi ya 34! Na hapo Reagan alikuwa ameshaondoa makombora ya Stinger (ya kutungulia ndege, yanayofyatuliwa begani) kwenye mzigo wa silaha ili kuwalainisha maseneta. Kwangu mimi, ushindi wao halisi ulikuwa huo.